Katoni iliyotupwa yageuka kibao cha kuchapia picha

KILA jua linapotua katika vituo vya biashara vya magharibi mwa Kenya, kuanzia Mabanga na Kanduyi katika Kaunti ya Bungoma hadi mjini Kitale katika Kaunti ya Trans Nzoia, wenye maduka hukusanya masanduku ya karatasi yaliyoleta sabuni, mafuta ya kupikia, majani chai na maziwa. Baadhi huuzwa kwa wanunuzi wa karatasi kuukuu, mengine hutandikiwa vifaranga, na mengi huishia motoni.

Ni wachache wanaotambua kwamba sanduku hilo, likikunjuliwa na kulazwa wazi juu ya meza, laweza kufanya kazi ambayo kwa kawaida huachiwa bamba la shaba au ubao wa mti, yaani kuchapa picha za sanaa.

Jambo hili lina uzito kwa wazazi na walimu. Mtaala wa Umilisi, maarufu kama CBC, ulianza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 ukiwataka wanafunzi wajifunze kwa kutenda, sanaa ikiwemo. Kufikia mwaka 2021, malalamiko ya wazazi kuhusu gharama za vifaa vya masomo yalikuwa yamefikishwa hadi mahakamani. Mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo waliingia Gredi ya 10, ambako sanaa na sayansi ya michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu ya masomo.

Kwa shule ya kijijini isiyo na fedha za kununua lino, patasi na mabamba, swali ni moja. Je, mwanafunzi atajifunza sanaa ya chapa kwa mikono yake, au ataikariri tu kutoka ubaoni?

Chapa ni nini?

Sanaa ya chapa hutofautiana na uchoraji wa kawaida kwa sababu msanii hachori moja kwa moja kwenye karatasi itakayotazamwa. Kwanza hutengeneza kibao, hukipaka wino, kisha hubana karatasi juu yake. Kibao kimoja huweza kutoa nakala kadhaa, na kila nakala huhesabiwa kuwa kazi halisi ya msanii.

Mfano ulio karibu na kila mwananchi ni muhuri wa chifu. Herufi zake huchongwa kinyume, na sehemu zilizoinuka ndizo hushika wino na kuuacha kwenye barua. Hiyo ni chapa ya mwinuko. Mtoto wa shule ya msingi anayekata kiazi katikati, akakichovya katika rangi na kukigandamiza daftarini, hufanya kazi iyo hiyo.

Njia ya pili ni kinyume cha hiyo. Msanii hukwaruza au huchimba uso wa kibao, huingiza wino ndani ya mikwaruzo, kisha huupangusa uso wote uliosalia. Karatasi yenye unyevu hubanwa kwa nguvu hadi ikauvute wino kutoka mashimoni. Noti za benki huchapwa sehemu zake kwa njia hii, na ndiyo sababu kidole kikipita juu ya noti mpya huhisi mparuzo.

Njia ya tatu ni ya kupitisha rangi kwenye tundu. Mfanyabiashara wa mahindi anayekata herufi za jina lake kwenye kipande cha katoni, akakiweka juu ya gunia na kupaka rangi, tayari ameitumia, ingawa hajioni kuwa msanii.

Katoni moja yaweza kutumika kwa njia zote tatu. Siri yake imo katika namna ilivyotengenezwa.

Matabaka ndani ya sanduku

Sanduku gumu la kubebea bidhaa lina matabaka matatu. Kuna karatasi bapa juu, karatasi bapa chini, na katikati yake karatasi iliyokunjwa mawimbi. Hataza ya kwanza ya karatasi ya mawimbi ilitolewa nchini Uingereza mwaka 1856, na wakati huo ilikusudiwa kutiwa ndani ya kofia ndefu za wanaume. Mwaka 1871 Mmarekani Albert Jones akapewa hataza ya kuitumia kufungia vitu vinavyovunjika.

Sanduku la kukunjwa nalo lina uhusiano wa karibu na mashine ya chapa. Robert Gair, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa na kiwanda cha mifuko ya karatasi huko Brooklyn, New York, aligundua katika miaka ya 1870 kwamba kipande cha chuma kilichokaa vibaya kwenye mashine kilikuwa kikikata mifuko badala ya kuitia mkunjo. Kutokana na hitilafu hiyo alipata wazo la kukata na kukunja kadibodi kwa mkupuo mmoja. Sanduku linalofika dukani leo likiwa limelazwa bapa na kusimamishwa kwa mkono ni mzao wa wazo hilo.

Pakiti ya maziwa ya kudumu ni ya namna nyingine. Kwa uzito, takriban asilimia 75 ni karatasi, asilimia 20 ni plastiki na asilimia 5 ni alumini. Plastiki huzuia maziwa yasiloweshe karatasi, nayo alumini huzuia mwanga na hewa. Kampuni ya Tetra Pak, iliyoanzishwa mjini Lund nchini Sweden mwaka 1951, ndiyo iliyoeneza pakiti za aina hii duniani, ikianza na ile yenye pembe tatu.

Wakenya waliosoma shule ya msingi enzi za Rais Daniel arap Moi wanaikumbuka pakiti ya pembe tatu kupitia maziwa ya Nyayo, mpango uliotangazwa mwaka 1979. Si wengi waliowahi kuchunguza kwamba pakiti hiyo, ikifunguliwa kwenye viungio vyake, hugeuka karatasi moja yenye pembe nne.

Namna ya kuifanya kazi

Kwa chapa ya mwinuko, msanii hukata umbo kwenye tabaka la juu la sanduku gumu na kulibandua. Mawimbi ya ndani hujitokeza, na yakipakwa wino huacha mistari iliyopangana sambamba. Mwanafunzi anayetaka kuchapa nyumba ya mabati hana haja ya kuchora mistari ya paa, kwa kuwa sanduku limekwisha kumchorea. Vipande vingine vya kadibodi, uzi, majani makavu au kitambaa cha gunia vyaweza kubandikwa kwa gundi ili vitoe miparuzo tofauti.

Chapa iliyotengenezwa kwa kubandika vitu namna hiyo huitwa kolagrafu, jina lililotungwa katika miaka ya 1950 na msanii Glen Alps, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani.

Pakiti ya maziwa huhitaji utaratibu mwingine. Hukatwa kwenye viungio, ikakunjuliwa, ikaoshwa kwa sabuni na kukaushwa mara moja, kwani maziwa yaliyosalia huvunda kwa muda wa siku moja. Upande wa ndani unaong'aa ndio huwa uso wa kibao. Mchoro hukwaruzwa juu yake kwa sindano, msumari au ncha ya bikari ya mwanafunzi.

Mkwaruzo mwembamba hushika wino kidogo na kutoa mstari mwepesi. Pale msanii anapotaka weusi mzito, hukata mpaka wa umbo kwa wembe na kubandua utando wa plastiki na alumini hadi karatasi ya chini ionekane. Karatasi hiyo hunyonya wino kwa wingi, ilhali utando uliobaki hupanguka na kubaki safi. Kwa hiyo kibao kimoja hutoa weupe, kijivu na weusi bila tindikali yoyote, tofauti na bamba la shaba ambalo mara nyingi huchimbwa kwa kemikali kali.

Wino hupakwa kwa kipande cha kadibodi, kisha hupanguswa polepole kwa kitambaa na hatimaye kwa karatasi ya gazeti kuukuu. Karatasi ya kuchapia hulowekwa majini na kukamuliwa kati ya vitambaa hadi ibaki na unyevu tu. Karatasi kavu haiwezi kuinama na kuingia ndani ya mikwaruzo, na hapo ndipo wanagenzi wengi hukosea na kudhani kibao ndicho kibovu.

Kisha huja suala la mgandamizo. Chapa ya mwinuko yaweza kufanywa kwa kusugua mgongo wa karatasi kwa kijiko au kwa kifimbo cha kusukumia chapati. Chapa ya mikwaruzo hudai nguvu zaidi, na kwa kawaida hupitishwa kati ya rola mbili za chuma. Shule isiyo na mashine hiyo yafaa ianze na chapa ya mwinuko badala ya kuwakatisha tamaa wanafunzi kwa picha zilizofifia.

Hata wino una kanuni zake. Wino wa asili wa wachapaji ulikuwa masizi yaliyochanganywa na mafuta ya kitani, ambayo hukauka kwa kushikana na hewa. Mafuta ya kawaida ya kupikia hayakauki hivyo, na yakitiwa katika wino huacha doa lililosambaa karatasini. Hata hivyo, yanafaa sana kwa kusafishia mikono na vifaa baada ya kazi, na ni salama kuliko mafuta ya taa.

Nguvu na udhaifu wa karatasi

Kwa wakazi wa Bungoma, karatasi si jambo geni. Kiwanda cha Pan African Paper Mills mjini Webuye, kilichoanza uzalishaji katika miaka ya 1970, kililisha maelfu ya familia kabla ya kufungwa mwaka 2009. Mwaka 2016 kilikabidhiwa wawekezaji wa kundi la kampuni za Rai.

Waliofanya kazi humo wanajua kwa nini karatasi ya kaki ni imara. Nyuzi za msonobari ni ndefu, na zikishikana huwa vigumu kuraruka. Hiyo ndiyo sababu sanduku la kaki huweza kustahimili mgandamizo wa rola, mara ya kwanza na mara ya tano, bila kusambaratika.

Lakini halistahimili milele. Kila linapopitishwa chini ya mgandamizo, mawimbi yake hulala kidogo, kingo za mikwaruzo hujaa au huvunjika, na unyevu wa karatasi hulegeza gundi. Kibao cha pakiti ya maziwa kwa kawaida hutoa nakala nzuri kumi hivi, pengine ishirini kikitunzwa, kisha picha huanza kufifia. Wasanii hurefusha maisha yake kwa kuipaka kadibodi vanishi kabla ya kuitia wino.

Wapo wanaouona udhaifu huo kuwa ushahidi kwamba katoni ni kifaa cha kujaribia tu, kisichostahili kazi ya dhati. Hoja hiyo ina ukweli kwa msanii anayetaka nakala mia moja zinazofanana. Kwa mwanafunzi, hata hivyo, kuchakaa kwa kibao ni somo lenyewe. Akizipanga nakala zake kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, ataona kwa macho yake jinsi wino, unyevu na mgandamizo vinavyoibadili picha, jambo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kumweleza kikamilifu.

Aidha, mikunjo ya sanduku haifutiki. Kila mahali palipokunjwa kiwandani patatokea kama mstari kwenye chapa. Msanii asiyekuwa na mpango huuona mstari huo kuwa kasoro, bali aliyejiandaa huupanga uwe upeo wa macho, ukingo wa ukuta au mpaka wa shamba. Umbo lenyewe la sanduku lililokunjuliwa, pamoja na vifuniko vyake vilivyotanda pande zote, mara nyingi hufanana na nyumba, shati au mtu aliyenyoosha mikono, na wapo wanaolichapa zima bila kulipunguza.

Walivyotangulia wengine

Afrika Mashariki ina historia yake katika sanaa ya chapa. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, iliwalea wasanii kama George Lilanga na Robino Ntila, ambao walifanya pia kazi za chapa. Nchini Uganda, Fred Mutebi amejulikana kwa chapa za rangi nyingi zinazotoka kwenye ubao mmoja unaochongwa kwa awamu. Nchini Kenya, Kuona Trust iliyoanzishwa jijini Nairobi mwaka 1995 iliwapa wasanii mahali pa kufanyia kazi, na Peterson Kamwathi ni miongoni mwa waliojipatia jina kwa chapa za mbao.

Kazi nyingi za chapa zilizowapa wasanii wa kanda hii sifa zilitokana na mbao au mabamba ya chuma. Mfano ulio wazi zaidi wa kadibodi kubeba sanaa kubwa unapatikana ng'ambo, nchini Cuba, katika hali ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ataielewa upesi, nayo ni uhaba.

Muungano wa Sovieti ulipoporomoka mwaka 1991, Cuba ilipoteza mfadhili wake mkuu na bidhaa zikaadimika, zikiwemo za wasanii. Belkis Ayón, aliyezaliwa Havana mwaka 1967, aliendelea kutengeneza vibao vyake kwa kadibodi, akikata, akibandua na kubandika vipande vya karatasi za aina mbalimbali. Kwa kuwa mashine ya chapa haikuweza kubeba picha kubwa alizokusudia, alizigawa katika vibao kadhaa, akachapa kila kimoja peke yake na kuziunganisha karatasi ukutani.

Picha zake, nyingi zikiwa nyeusi, nyeupe na kijivu, zilisimulia juu ya Abakuá, chama cha siri cha wanaume ambacho asili yake ni eneo la mpakani mwa Nigeria na Cameroon, na juu ya Sikán, mwanamke wa hekaya zake. Kazi hizo zilionyeshwa katika maonyesho ya Venice mwaka 1993. Ayón alifariki mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 32, na miaka mingi baadaye kazi zake zilipewa maonyesho makubwa mjini Los Angeles mwaka 2016 na katika Jumba la Reina Sofía mjini Madrid kuanzia mwaka 2021.

Hakuna mtazamaji aliyemhurumia kwa kutumia kadibodi. Walichokiona ni uzito wa picha zenyewe.

Tahadhari kwa walimu na wazazi

Kabla ya darasa kuanza kukusanya masanduku, kuna mambo ya kuangaliwa. Mabanga inafahamika kwa kituo chake cha mafunzo ya wakulima, na Kitale ni makao makuu ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya. Hili ni eneo la mashamba, na mashamba hutumia dawa. Masanduku yaliyobeba viuatilifu na pakiti za mbegu zilizopakwa dawa hayafai kamwe kupewa watoto, hata yakioshwa mara kumi. Yanayofaa ni ya vyakula, sabuni na vitabu.

Wembe na visu vya kukatia vibaki mikononi mwa mwalimu kwa wanafunzi wadogo. Kingo za alumini zilizokatwa hukata vidole pia, hivyo yafaa zifunikwe kwa gundi ya utepe wakati wa kupangusa wino.

Vilevile, isidhaniwe kwamba sanaa hii itamaliza tatizo la taka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ikawatwika watengenezaji bidhaa wajibu wa kushughulikia vifungashio vyao. Mzigo huo haupaswi kuhamishiwa darasani. Darasa la wanafunzi arobaini litatumia masanduku machache tu, na pakiti ya maziwa iliyokwisha kuchapiwa ingali taka yenye plastiki na alumini. Manufaa ya kibao cha katoni ni elimu, wala si usafi wa mji.

Kuhusu soko, mnunuzi wa chapa anapaswa kujua maana ya namba zinazoandikwa kwa penseli chini ya picha. Maandishi kama 3/10 humaanisha nakala ya tatu kati ya kumi zilizotolewa. Msanii mwaminifu hachapi zaidi ya idadi aliyoitangaza. Kwa kibao cha katoni ahadi hiyo si vigumu kuitimiza, maana kibao chenyewe hukataa kuendelea. Mwanafunzi anayefundishwa mapema kuhesabu na kutia sahihi nakala zake hujifunza pia kwamba kazi ya mkono wake ina thamani na ina mipaka.

Yote haya hayaondoi wajibu wa serikali wa kuzipa shule walimu wa sanaa, vyumba vya kazi na vifaa. Mwalimu asiyejua chapa hawezi kusaidiwa na rundo la masanduku, na shule iliyopewa mashine ya rola itapata mengi kutoka kwa pakiti ya maziwa kuliko shule yenye kijiko tu.

Lakini mwalimu mwenye ujuzi hana sababu ya kusubiri. Masanduku mawili kutoka dukani, wembe, gundi, rangi nzito, kijiko na karatasi nyembamba vyatosha kwa kipindi cha kwanza. Waswahili walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Pengine kabla ya mwisho wa muhula, ukuta wa darasa utakuwa umejaa picha, na mzazi aliyeombwa sanduku tupu badala ya fedha atakuja kuziangalia.